Mwalimu wa Tuisheni ya Hesabu: Kazi Zake, Ujuzi Anaotakiwa Kuwa Nao na Njia ya Kukua Kikazi

Mijini Tanzania, tuisheni iko karibu kila mtaa. Inaweza kuwa chumba chenye ubao na mabenchi, sebule ya nyumba ya mtu au kundi la WhatsApp. Na mzazi anapoulizia mwalimu wa ziada, mara nyingi somo analolitaja kwanza ni hesabu.

Sababu siyo ngumu kuiona. Kwa miaka mingi Hisabati imekuwa ikiburuza mkia kwenye matokeo ya kidato cha nne. Mwaka 2022, takribani mtahiniwa mmoja tu kati ya kila watano ndiye aliyefaulu somo hilo. Waliobaki walipata F, na F ya Hisabati humfungia kijana milango mingi ya kozi za uhandisi, ufundi na uhasibu.

Ndiyo maana mwalimu wa tuisheni ya hesabu ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Watu wengi wanafikiri kazi yake ni kukokotoa maswali magumu ubaoni, basi. Mwalimu mzuri anajua kwamba kazi yake ya kwanza ni kutafuta mahali ambapo mwanafunzi alipotea njia.

Mwalimu wa tuisheni ni nani?

Ni mtu anayemfundisha mwanafunzi nje ya ratiba ya shule, kwa malipo au kwa kujitolea. Anaweza kumfundisha mmoja mmoja nyumbani, kikundi cha watoto watano, au darasa zima kwenye kituo.

Wengine humwita mkufunzi, lakini kwenye mfumo wa elimu wa Tanzania jina hilo hutumika zaidi kwa anayefundisha chuoni, mfano chuo cha ualimu. Mtaani jina lililozoeleka ni mwalimu wa tuisheni.

Tofauti yake kubwa na mwalimu wa shule ni muda. Mwalimu wa shule ana darasa lenye wanafunzi wengi na mtaala wa kumaliza kabla ya mtihani. Wakifika mada ya logi, lazima asonge mbele hata kama kuna watoto ambao bado hawajaelewa vipeo. Mwalimu wa tuisheni anaweza kusimama, akarudi nyuma darasa moja au matatu, kisha akapanda tena. Asipofanya hivyo, anarudia tu kile ambacho mtoto alishakisikia asubuhi na hakukielewa.

Majukumu yake ya kila siku

1. Kupima mwanafunzi anapoanzia

Kipindi cha kwanza siyo cha kufundisha. Ni cha kupima. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kupewa maswali kumi mafupi ya madarasa ya nyuma: KDS na KKS, kujumlisha sehemu, namba hasi, asilimia, mlinganyo rahisi kama x + 5 = 12, na eneo la mstatili.

Majibu yake yanaonyesha mengi. Mtoto anayesema "mwalimu, mimi logi zinanishinda" huenda tatizo lake halipo kwenye logi kabisa. Logi zinategemea vipeo, na vipeo vinategemea kuzidisha. Kama jedwali la kuzidisha linayumba, kila kitu kilichojengwa juu yake kitayumba pia.

2. Kusoma makosa

Hapa ndipo mwalimu mzoefu anapojulikana. Kwake kosa ni taarifa inayoonyesha jinsi mtoto anavyofikiri. Mifano mitatu hukutana nayo karibu kila mwalimu:

• 12 − 8 + 3. Mwanafunzi anaandika 1. Siyo kwamba hajui kujumlisha. Alifundishwa MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Akaona JU iko kabla ya TO, akajumlisha kwanza 8 na 3 akapata 11, kisha akatoa kwenye 12. Jibu sahihi ni 7, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto huyu alifuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe hakuelezwa ikaisha.

• 1/2 + 1/3. Mwanafunzi anaandika 2/5. Kajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Kabla ya kumkumbusha habari ya KDS, swali moja linatosha: "Una nusu chapati, umeongezewa theluthi. Sasa una chapati pungufu ya nusu?" Maana 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Akiona mwenyewe kwamba haiwezekani, hatasahau.

• 3x = 12. Mwanafunzi anaandika x = 9. Alifundishwa kwamba namba ikivuka upande wa pili inabadili alama, kwa hiyo kaivusha 3 ikawa −3. Dawa ni kumfundisha kufanya jambo lile lile pande zote mbili, na kujikagua. Tatu mara tisa ni 27, siyo 12. Kumbe jibu ni 4.

Mwalimu anayeweka alama ya kosa na kuandika jibu sahihi pembeni hajamsaidia mtoto yeyote kati ya hawa. Kesho wataingia kwenye mtihani na kanuni zao zile zile.

3. Kupanga masomo

Baada ya kupima, mwalimu anaandaa mpango wa wiki sita au nane: mada zipi za kurudia, zipi za kwenda sambamba na shule, na lini pafanyike jaribio. Mpango huo aonyeshwe mzazi na mwanafunzi mwenyewe. Mtoto anayejua anakoelekea huvumilia zaidi.

Mwalimu pia anatakiwa kujua mwanafunzi wake anasoma mtaala upi. Tanzania ilianza kutumia mtaala ulioboreshwa kwa awamu kuanzia mwaka 2024, kwa hiyo ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na vitabu tofauti. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania hupatikana pia kwenye Maktaba Mtandao ya taasisi hiyo, na simu ya kawaida yenye intaneti inatosha kuvisoma.

4. Kuandaa mwanafunzi kwa mtihani

Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni, mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne una maswali 14 ya kujibiwa kwa saa tatu. Sehemu A ina maswali 10 yenye alama 6 kila moja, na sehemu B ina maswali 4 yenye alama 10 kila moja. Jumla ni alama 100.

Hesabu ya haraka: dakika 180 kwa alama 100 ni kama dakika 11 kwa swali la alama 6, na dakika 18 kwa swali la alama 10. Mwanafunzi anayekwama nusu saa kwenye swali moja anayaibia mengine.

Na kuna hesabu nyingine inayowapa moyo waliokata tamaa. Daraja D linaanzia alama 30. Maswali matano ya sehemu A yakijibiwa kikamilifu yanatoa alama 30. Kwa mwanafunzi aliyezoea kupata 8 au 12, mwalimu makini haanzi na mada 20 kwa mkupuo. Anachagua chache zinazowezekana, zikae sawasawa, kisha anaongeza. Hilo halimaanishi kulenga chini. Anampa mtoto ushindi wa kwanza.

Zana moja ambayo walimu wengi wa mtaani hawaitumii ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani, NECTA. Taarifa hizo zinapitia swali kwa swali, zinaonyesha watahiniwa walikosea wapi, na mara nyingi zinaweka na picha za majibu yenyewe. Anayetaka kujua wanafunzi hukwama wapi aanzie hapo.

5. Kutoa taarifa kwa mzazi

"Anaendelea vizuri" siyo taarifa. Taarifa ni hii: "Mwezi uliopita alikuwa hawezi kujumlisha sehemu, sasa anapata nane kati ya kumi. Namba hasi bado. Shuleni wako kwenye mada ya duara, tutaigusa wiki ijayo." Ujumbe kama huo kwa WhatsApp hauchukui hata dakika tatu, na ndio unaomfanya mzazi aendelee kulipa.

6. Kulinda usalama wa mtoto

Mwalimu wa nyumbani anaingia kwenye familia ya watu. Utaratibu mzuri ni kufundishia sebuleni au barazani, mlango ukiwa wazi, na mtu mzima akiwa nyumbani. Mawasiliano na mtoto yapitie kwa mzazi au yawe kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Hili linamlinda mtoto, na linamlinda mwalimu pia.

Ujuzi unaotakiwa

Kulijua somo kwa kina. Kupata A siyo lazima kumaanishe kwamba mtu anaweza kufundisha. Mwalimu lazima ajue kwa nini kanuni inafanya kazi, na awe na njia ya pili na ya tatu ya kuieleza.

Kuvuka daraja la lugha. Hili ni kubwa Tanzania. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya kawaida amejifunza hesabu kwa Kiswahili miaka saba, halafu kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza. Neno mzingo, alilolitumia kwa mstatili na kwa duara, sasa limekuwa maneno mawili: perimeter na circumference. Kuna watoto wanaoweza kabisa kukokotoa, ila hawajui wameulizwa nini. Mwalimu makini humtengenezea mwanafunzi daftari dogo la msamiati, kisha anamwomba aeleze swali kwa Kiswahili kabla hajashika kalamu.

Hata Kiswahili chenyewe kina mitego. Kipeo cha pili cha 16 ni 256, lakini kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Sauti moja tu inatofautisha.

Kusikiliza. Swali lenye nguvu kuliko yote ni "Nionyeshe ulivyofikiri." Mwalimu anayeongea saa nzima huondoka bila kujua kama kuna kilichoingia. Kanuni nzuri ni hii: kalamu ikae mkononi mwa mwanafunzi muda mwingi zaidi.

Uvumilivu na ulimi mzuri. Watoto wengi hufika tuisheni wakiwa wameshaambiwa kwamba hesabu siyo zao. Wengine wamechekwa mbele ya darasa, wengine wamechapwa. Neno moja la dharau linathibitisha walichokuwa wanakiogopa.

Kutumia simu kwa faida. Mwanafunzi anaweza kupiga picha ya kazi yake na kuituma, na mwalimu akamjibu kwa sauti. Programu ya bure kama GeoGebra inachora grafu na maumbo. Lakini kuna programu zinazopiga picha ya swali na kuleta jibu lote na hatua zake. Mwanafunzi akizitumia kunakili, daftari linapendeza na kichwa kinabaki kitupu. Mwalimu ajue zipo, na amwambie mwanafunzi azitumie kukagua tu baada ya kujaribu mwenyewe.

Njia ya kukua kikazi

Hatua ya kwanza: mhitimu wa kidato cha sita au mwanachuo. Wengi huanzia hapa. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na vyuo hufungua mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo kuna miezi katikati. Kijana aliyesoma PCM au EGM anaanza na watoto wa majirani. Ni mahali pazuri pa kujifunza, ila aanze na madarasa anayoyamudu kweli.

Hatua ya pili: nyumba kwa nyumba. Hapa jina linajengwa kwa kusifiwa na wazazi. Lakini hesabu ya kipato ipigwe kwa ukweli. Tuchukulie mfano: kipindi cha saa moja na nusu kinalipwa shilingi 10,000. Nauli kwenda na kurudi 1,600. Njiani saa mbili, maandalizi nusu saa. Kinachobaki ni 8,400 kwa saa nne, yaani 2,100 kwa saa. Ndiyo maana walimu wazoefu hukusanya wanafunzi wa mtaa mmoja, au hufundisha watatu wa kiwango kimoja kwa pamoja.

Kazi hii pia ina misimu. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, darasa la nne Oktoba, kidato cha pili na cha nne ni Novemba. Miezi ya kuelekea hapo simu hazitulii. Baada ya darasa la saba kumaliza, hufuata msimu wa kuwaandaa watoto wanaosubiri kuingia kidato cha kwanza Januari. Kuna miezi mikavu pia, na anayetegemea kazi hii pekee lazima aiwekee akiba.

Hatua ya tatu: kusomea ualimu. Anayetaka kuajiriwa shuleni anahitaji sifa za ualimu, iwe stashahada au shahada. Wahitimu wengi wa ualimu hufundisha tuisheni wakati wakisubiri ajira ya serikali. Muda huo haupotei. Aliyekaa na watoto 30 mmoja mmoja anaingia darasani akiwa ameshaona makosa ambayo vitabu havikumwambia.

Hatua ya nne: kufungua kituo. Hapa mwalimu anakuwa pia mfanyabiashara. Kuna jina la biashara la kusajili BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya biashara ya halmashauri. Ofisi ya elimu ya wilaya iulizwe mapema kuhusu kibali cha kufundisha. Vituo vingi huhudumia pia watu wazima: wanaojiandaa na mtihani wa maarifa, maarufu QT, na watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia Hisabati ili wapate sifa ya chuo. Hawa mara nyingi wanajilipia wenyewe, na hawana muda wa kupoteza.

Hatua ya tano: kubobea. Wapo wanaojikita kwenye Hisabati ya kidato cha tano na sita, wengine kwenye mitaala ya kimataifa, wengine watoto wa madarasa ya chini, na wengine huandaa video na vitabu vya mazoezi. Anayejulikana kwa jambo moja hutafutwa hata kutoka mbali.

Mipaka ambayo haifai kuvukwa

Kuna tabia inayolalamikiwa na wazazi wengi: mwalimu wa shule anafundisha nusu ya mada asubuhi, nusu nyingine anaibakiza kwa ajili ya tuisheni yake ya jioni. Mtoto asiye na hela anabaki nyuma. Hiyo ni kumlipisha mtoto kitu alichostahili kukipata darasani.

Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza wanafunzi kupewa masomo ya ziada wakati wa likizo, na anayekiuka anaweza kupigwa faini au kufungwa. Mwalimu yeyote ajue kanuni za nchi na shule yake kabla ya kuwatoza wanafunzi wake mwenyewe.

Mpaka wa pili ni ahadi. Mwalimu anayemhakikishia mzazi daraja A ndani ya mwezi mmoja anauza kitu ambacho hana. Wa tatu ni kufanya kazi za nyumbani kwa niaba ya mtoto. Na wa nne ni kudai ana "pepa" ya mtihani wa taifa. Huyo akimbiwe, maana matokeo ya mtahiniwa anayebainika kufanya udanganyifu hufutwa.

Mzazi atamjuaje mwalimu mzuri?

• Kipindi cha kwanza anauliza maswali mengi kuliko anavyoeleza.
• Anaomba kuona daftari na mitihani ya nyuma ya mtoto.
• Baada ya mwezi, anaweza kutaja kwa majina mada ambazo zimeeleweka na ambazo bado.
• Mtoto ameanza kukagua majibu yake mwenyewe bila kuambiwa.
• Mtoto haogopi tena kusema "hapa sijaelewa."

Cha mwisho ni cha kushangaza kidogo kwa mtu anayelipwa kwa kipindi: mwalimu mzuri hupunguza vipindi. Mtoto aliyekuwa anahitaji siku tatu kwa wiki anabaki na mbili, kisha moja, kisha anapiga simu tu akikwama. Kama mwaka wa pili umefika na mtoto bado hawezi kuanza swali bila mwalimu kukaa pembeni, mzazi ana haki ya kuuliza analipia nini. Na mwalimu ambaye wanafunzi wake huondoka wakiwa wanajitegemea hakosi kazi, kwa sababu wazazi wao humtaja kwa wenzao.